Kamio la Rangi ya Pori

Jumanne, 5 Novemba

Bado tumekwama. Shoferi Ramazani amechimba tena chini ya magurudumu ya nyuma, akatia magogo, akawasha. Kamio likanguruma, likazama zaidi. Matope yamefika tumboni. Abiria wengine wameshuka, wamekwenda zao Lusangi kwa miguu. Tumebaki watatu: Ramazani, Mama Kibibi na magunia yake ya chumvi, na mimi na bale langu la vikwembe, vitambaa vya kuvaa. Nikiliacha, nimekwisha. Biashara yangu yote ya Kabambare imo humo.

Ninalichukia hili gari. Lilikuwa la jeshi. Tajiri wa Ramazani alilinunua na mabaka yake ya kijani na kahawia, na hataki lipakwe upya. Anasema kwa rangi hiyo wasumbufu wa barierini, kwenye vizuizi vya njia, hawathubutu kulisimamisha. Hata taa za nyuma zimepakwa juu. Ukienda kujisaidia ukageuka, hulioni. Unaona majani.

Jumatano, 6 Novemba

Hakuna anayekuja. Hilo silielewi. Njia hii gari likikwama, watu hufika na majembe kabla hujawaita. Kuna kijiji hapo juu ya kilima, tulipofika niliona moshi. Leo nimepanda. Nyumba ya kwanza mlango wazi, sufuria mekoni, majivu yaliyopoa. Hakuna mtu. Ya pili vilevile. Nimepiga hodi mpaka nikaona haya. Nimeshuka mbio.

Tuko kwenye kona, nyuma ya gari imeelekea wanaotoka Kasongo. Motari mmoja na pikipiki yake ametukwepa kwa bahati, ametutukana mpaka kwa mama zetu. Ana haki. Nimemwambia Ramazani tutundike vikwembe vya manjano nyuma, watuone toka mbali. Amekataa.

“Mama Zaina, watu wa bunduki wako mu pori hii. Ukitundika rangi, watajua mali iko hapa. Acha tufichame.”

Badala yake amekata matawi, akayalaza barabarani, kama desturi ya gari lililoharibika. Matawi mabichi nyuma ya gari la kijani! Nimemwacha ayapange. Hao watu hata mimi nawaogopa.

Mvua. Tumejikunyata chini ya bashi, turubai la gari. Mama Kibibi anakohoa.

Alhamisi, 7 Novemba

Imetokea.

Asubuhi, ukungu mzito. Nilisikia pikipiki, nikaruka chini nipige kelele. Sikuwahi. Kishindo. Halafu sauti ya mwanamke.

Motari wa leo anaitwa Musafiri. Alimpakia mke wake, Feza, wakienda kuzika shangazi yake. Mume amechanika kipaji cha uso. Mke mguu umevunjika, mfupa niliuona. Nimemshika kichwa mapajani. Alikuwa ananiuliza kama mguu bado upo.

Musafiri hakututukana. Alikaa matopeni, akawa anarudia neno moja: “Sikuona gari, mama. Niliona pori.”

Wamemfungia Feza tipoyi kwa miti na kamba. Ramazani mbele, Musafiri nyuma, wamembeba kwenda Lusangi kutibiwa. Mume mwenye damu machoni anambeba mkewe. Tumebaki wanawake wawili na gari.

Nimefungua bale. Sikumwuliza mtu. Vya manjano, vyekundu, vile vya maua makubwa. Nimevifunga nyuma, ubavuni, juu ya bashi. Vingine nimepanda navyo kona nzima, nikafunga kwenye miti. Mama Kibibi alinitazama, akasema, “Unatuitia kifo.” Halafu akaja kunishikia ncha.

Ijumaa, 8 Novemba

Sauti kwenye majani, toka upande wa kilima. Watu wengi. Mama Kibibi alishika tasbihi. Mimi nilishika jembe. Ovyo tu, jembe litafanya nini?

Walikuwa wanawake. Na majembe yao, na wanaume nyuma. Aliyetangulia ni mama wa makamo, ana mtoto mgongoni mwenye homa. Alisimama mbali kwanza.

“Ninyi ni nani?”

“Wachuuzi, mama. Tunakwenda Kabambare.”

Akapiga kofi, akashika mdomo. “Tuliwaza iko gari ya basoda, ya jeshi! Basoda walishalala huku kwetu. Walikula mbuzi yote, na mengine sisemi. Tukaona ile rangi, tukaingia pori na watoto. Leo tukaona vikwembe. Tukasema, soda hawezi kutundika vikwembe.”

Tangu tulipokwama wamelala porini, kwenye mvua ile ile. Kwa ajili yetu. Nilikosa pa kuweka uso. Nimempa kikwembe kikavu amfunike mtoto.

Ramazani amerudi saa ya swala. Amekuta rangi kila mahali na kijiji kizima kinachimba. Alitaka kunigombeza, nilimwona. Akachukua jembe.

Jumamosi, 9 Novemba

Tumetoka. Kamba, magogo, watu mpaka watoto. Nimelia kama mjinga.

Jumanne, 12 Novemba

Kabambare. Vikwembe vilivyokula matope nimeviuza kwa bei ya kutupa. Vilivyobaki vinakwenda.

Habari toka Lusangi: mguu umefungwa vizuri, Feza atatembea, ila si karibuni. Mazishi yamewapita. Pikipiki haifai tena. Sijui watakula nini.

Kurudi Kasongo ni kwa kamio lile lile. Hakuna lingine. Nimemwambia Ramazani sipandi likiwa hivyo, bora nizeekee hapa. Mchana nimemkuta uani kwa mwenyeji wetu na kopo la rangi ya manjano na burashi. Taa za nyuma ameshazikwangua kwa kisu. Tajiri hajaulizwa.

“Akinifukuza, anifukuze,” alisema.

Nimemshikia kopo. Amepaka bampa, mlango wa nyuma, na ukanda mpana ubavuni, umekwenda mshazari. Hana mkono wa kupaka. Kazi ilipokwisha jua lilikuwa bado liko, tukakaa barazani tukingoja rangi ikauke.