Sauti ya Bibi Jukwaani

Mbeya, Alhamisi

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima hapo Msanzi, kifua cha Baba kimetulia, na ulezi umeshaingia ndani kabla panya hawajauwahi. Mimi mwili ni mzima. Mengine siwezi kusema ni mazima.

Kwa simu nilikuambia Cornelia aliteguka kidogo kwenye mashindano ya judo ya Afrika kule Lusaka, na kwamba tumepumzika Mbeya njiani. Nilikudanganya. Kiwiko kimevunjika vibaya, vidole vinakufa ganzi, na daktari anasema wasipompasua kufikia Jumatatu ijayo mkono ule hautashika hata kijiko. Na Cornelia amekataa kutia sahihi.

Nikueleze ilivyokuwa. Ulinituma nimsindikize mdogo wangu, nikakaa jukwaani tangu asubuhi, ukumbi umejaa watu na bendera zao, ngoma mpaka masikio yanauma. Mama, ungemwona! Cornelia alimbwaga msichana wa kwanza chali hata sijakaa vizuri. Wa pili akamkandamiza mkekani mpaka akasalimu amri. Nikawaonyesha kwa ishara Wasenegali waliokaa karibu yangu kwamba yule ni damu yangu, wakanipa karanga.

Nusu fainali alikuwa anaongoza, zimebaki sekunde ishirini. Nikaona mpinzani anaingiza mguu nyuma ya mguu wake. Mwalimu Gaudensi pale pembeni alikaa kimya, maana mwalimu haruhusiwi kusema mpaka mwamuzi asimamishe mchezo. Mimi mtazamaji nani angenizuia? Niliita Cornelia, Cornelia, hasikii. Basi nikamwita kwa jina lile la Kifipa alilopewa na marehemu bibi Rozina, tena kwa sauti ya bibi mwenyewe, ile ya kukwaruza niliyokuwa nikiiigiza utotoni kumtoa mchezoni, ukanichapa kwa mwiko.

Akageuka. Niliona midomo yake ikiitika. Papo hapo akanyanyuliwa, akaangukia mkono.

Mwalimu aliuliza nani alipiga kelele upande wetu. Niliogopa, nikaapa mbele ya Cornelia kwamba si mimi. Tulipofika hospitali hapa ndipo Cornelia aliposema, kwa upole kabisa, kwamba bibi amemwita kutoka kaburini naye ameitika, kwa hiyo kumpasua ni kuwasumbua madaktari bure. Unajua mwenyewe kwetu wanavyosema juu ya kumwitikia marehemu, kwamba aliyeitika humfuata. Tangu Jumatatu amegeukia ukutani, uji hagusi. Simu pia hapokei, anasema hataki tena sauti ya mtu asiyemwona uso.

Jana nilimpigia magoti nikamwambia ni mimi. Akanishika kichwa, akasema mimi ni kaka mwema, nimetunga uongo wa kumtuliza, kwani si niliapa? Kisha akasema kama kweli ni mimi, nimwite tena vilevile. Mama, nilifungua mdomo, ikatoka sauti ya mtu anayelia. Nikarudia, nikarudia, mpaka nesi akanitoa nje. Nilipokuwa natoka nikamsikia Cornelia akisema kwamba alijua tu.

Nimeishiwa, Mama. Nalichukia koo langu. Siku ya kuharibu lilitii, siku ya kuponya limekataa. Wewe peke yako ndiye uliyenikamata nikiiigiza ile sauti nilipokuwa mtoto, na wewe akikusikia atasadiki. Mwalimu Gaudensi anayekuletea barua hii hajui kilichomo. Msomee, nami nitamwomba radhi uso kwa uso. Nakuomba uje na basi la Jumamosi kutoka Sumbawanga, usingoje Baba akubali.

Msalimie Baba, Shangazi Rhoda na jumuiya yote. Watuombee, hata kama bado huwezi kuwaambia sababu.

Na ukifika wodini, nakusihi, usimwite kutoka mlangoni. Mguse kwanza.

Mimi mwanao mwenye kosa,
Yusto