Laptopu Yako Haiwezi Baridi ya Riyadh

Kaka Sule,

Nimeshakusomea Fatiha, sasa sikiliza malalamiko. Hii laptopu yako itanitoa roho.

Tangu ulipotutoka, mwanao Rahma amehamia kwetu hapa Malaz, Riyadh, kwa ajili ya chuo, na katika vitu vyako amekuja na viwili: ule msala wa kijani na hii laptopu. Msala hauna neno. Laptopu inaganda. Anafungua kazi yake ya mwisho, ile ya kuiwasilisha mbele ya walimu, anaandika kidogo, skrini inasimama kama ilivyo, na yote ambayo hajayahifadhi yanapotea. Halii mbele yangu. Anaizima, anaiwasha, anaanza tena. Asiyetulia ni mimi. Nazunguka ukumbini mpaka mke wangu anasema nitatoboa zulia.

Unanijua, nilianza kwa kulaumu Windows. Nikamwambia ahamie kwenye mfumo wa pili uliouweka humo, Linux. Ikaganda na huko. Nikafungua mfuniko wa chini, nikapuliza vumbi, nikaipaka prosesa dawa mpya ya kupoza. Ikapoa zaidi, ikaganda zaidi! Hapo nikakukasirikia, Kaka, maana kilichobaki kilikuwa mkono wako. Wewe ndiye uliyeipunguzia prosesa umeme ili isichemke, milivolti mia na kumi, ukaweka mpangilio huo Windows na Linux, ujiwashe wenyewe pande zote mbili. Nikataka kuufuta. Rahma akaikumbatia laptopu.

"Ami, vitu vya Baba vyote vishagaiwa. Hiki usikiguse."

Niliondoa mkono. Nguo zako nilizikunja mwenyewe, Kaka, na kanzu moja nilishindwa kuitoa. Iko kabatini kwangu, hata yeye hajui.

Baadaye akaniruhusu niuzime upande wa Windows tu, kwa majaribio. Ikaganda vilevile, nami nikafurahi kuwa si wewe. Furaha haikudumu. Alikuwa ametoka Linux akabonyeza kuwasha upya, bila kuizima, na umeme uleule mdogo ukavuka naye mpaka Windows. Nikakusikia kabisa ukitugombeza: "Zima kabisa, kisha washa. Kuwasha upya si kuzima." Tukaizima kabisa, tukaiwasha. Haikuganda tena. Basi ni wewe. Mtu aliyetengeneza laptopu za nusu ya mtaa wa Balad kule Jidda amekosea yake mwenyewe. Sikuweza kumwambia Rahma hivyo, na yeye hakuuliza. Alirudisha mpangilio wako na kuendelea kuhifadhi kazi kila baada ya sentensi.

Kisha tukaja Jidda kwa hitima yako. Watu walipoondoka, Rahma akaingia chumbani kwako pale Nuzha, akafungua kazi yake. Nikakaa mlangoni nikingoja igande. Haikuganda. Siku nzima, Windows kisha Linux, haikuganda hata mara moja. Jasho lilinitoka mpaka kanzu ikanigandama, nikainua macho kutafuta kiyoyozi. Bado umekifunika kwa ile shuka ya maua.

Kaka, nilicheka peke yangu. Wewe na kiyoyozi mlikosana zamani. Dukani Balad wateja walikuwa wakijipepea kwa makaratasi, nawe umekaa chini ya pangaboi unakunywa chai ya moto, unasema baridi ya kununua inaleta mafua. Laptopu uliipima humohumo. Kwenye joto lile prosesa haikimbii, inajizuia, na umeme kidogo unaitosha. Hapa kwangu kiyoyozi hakizimwi, basi inakimbia mbio zake zote, umeme unaipungukia. Ulimpima mtu kanzu akiwa amekaa. Hukukosea kipimo, ila hukumwona amesimama.

Nilipomweleza Rahma, alitazama ile shuka. Akasema, "Baba na pangaboi lake." Halafu akacheka, mara ya kwanza tangu tukuzike, na kicheko ni chako kitupu. Akaipunguza namba ya umeme unaokatwa yeye mwenyewe, kutoka mia na kumi mpaka themanini, pande zote mbili. Mimi sikugusa.

Tumesharudi Riyadh. Kesho anawasilisha. Tangu asubuhi laptopu inafanya kazi, nami bado nainuka kila mara kuipapasa chini. Ina joto kidogo kuliko ulivyopenda, utusamehe. Mkono wangu hautaki kuondoka pale.

Pumzika, Kaka, Mola akupe kivuli huko uliko. Namba yako ya mia na kumi hatukuifuta. Rahma ameihifadhi, ameipa jina Jidda. Kila tutakapokuja Nuzha tutaizima laptopu kabisa, tutaiwasha kwa namba yako, na shuka ile hakuna atakayeiondoa. Tutakaa chumbani kwako tukitoka jasho, na nakuahidi, sitalalamika.

Mdogo wako,
Hafidh