Elie amemaliza shule

Dada Furaha, Uvira munaamukaje? Mimi niko kwa baba mudogo, mu kamuji kadogo karibu na Columbus, huku Amerika. Tumekula sikukuu ya mutoto wake Elie kumaliza shule ya sekondari. Sombe, yale majani ya muhogo, ilikuwa tamu, lakini sikuimaliza.

Mbele ya kula, baba mudogo alimupa Elie Biblia ya Kingereza asome Zaburi. Mudogo wake wa kike alisimama nyuma yake, anamunong'oneza kila neno, na Elie anarudilia kwa sauti kubwa. Baba yake hajui Kingereza, akalia machozi ya furaha. "Amina! Profesa wangu!"

Nilimufuata Elie inje. "Walimu hawakujua kama haujui kusoma?"

"Walijua, kaka. Nilikuwa nanyamaza tu. Bon, wananipandisha darasa. Usiambie baba."

Ile shule inasifiwa, eti hakuna mutoto anayeachaka masomo pale. Mimi nilifukuzwa darasa la ine juu ya kukosa minerval, ile feza ya masomo, na kadi hii naiandika mwenyewe. Elie iko na diplome, hawezi kusoma jina ya barabara yao.

Dada, kila jioni mutoto wako Amani akusomee kwa sauti, hata mwalimu akimusifu. Umukumbatie mama sana.

Mudogo wako, Bahati