Beseni la Mideva

Jumapili, 4 Machi 1984

Matokeo ya kidato cha nne yametoka. Mideva wetu amepata Daraja la Pili! Biolojia safi kabisa. Kemia — tusiitaje leo, ni siku ya Bwana.

Nimeshukuru kwa sauti mpaka Risper akabisha ukuta kuuliza ni nani amekufa. Nikamwambia hakuna, ni furaha. Akaja na karatasi ya omena mkononi, akacheza palepale mlangoni. Jirani huyu, Mungu amweke. Ananitunzia magazeti anayofungia omena, hayafungii kitu kabla sijayasoma. Nusu ya elimu yangu inanuka samaki wa Kisumu na sioni haya.

Mideva anasema anataka unesi. Sawa. Lakini unesi upi? Hapo ndipo vita vilipo.

Jumanne, 6 Machi

Njia ni mbili. Ya kwanza: hospitali moja ya misheni ina chuo cha unesi wa cheti kule kwetu Magharibi, wanaanza Aprili. Kabla ya kumchukua msichana wanamweka wiki moja kwenye wodi yao ndogo ya Kawangware, wamwone akifanya kazi. Akishindwa wiki hiyo, basi. Ya pili ni yangu: arudie kemia mwaka mmoja, kisha aombe diploma hapa mjini.

Nilimweleza vizuri, kwa hoja. Mkoloni alitaka nesi nusu kwa mgonjwa aliyemwona kuwa mtu nusu. Miaka ishirini ya uhuru na bado binti zetu wanapanga foleni ya nusu! Niliwahi kumwandikia mhariri maneno hayohayo. Akayachapisha, ila akayakata miguu.

Mume wangu, Baba Sella, alikuwa akipiga msasa mguu wa kiti. Akauliza polepole kama sasa naongea na mhariri au na mtoto.

Mideva hakupandisha sauti. Alisema, “Mama, wewe unataka niwe hoja. Mimi nataka kuwa nesi.”

Niliikasirikia sentensi hiyo jioni nzima. Ni sentensi nzuri. Darasani kwangu, kwenye ngumbaru, nina watu wazima waliosoma miaka mitatu ambao hawajanipa sentensi kama ile.

Alhamisi, 8 Machi

Amekubaliwa kwa wiki ya majaribio. Ataanza Jumatatu. Sikumpa baraka, sikumnyima. Nilimpigia pasi gauni.

Risper ameleta viatu vyake vyeupe vya raba, vile vya kanisani. Nikamuuliza yeye Jumapili atavaa nini mbele ya Mungu. Akasema Mungu ameshaiona miguu yake.

Jumatatu, 12 Machi

Mideva alitoka na viatu ndani ya mfuko, kwa ajili ya vumbi — mvua imekataa kabisa mwaka huu. Kibera mpaka Kawangware kwa miguu, amerudi anacheka. Ametandika vitanda, amelisha wagonjwa uji. Sista anayesimamia wodi, Nyamai, amemwambia ana mkono mwepesi. Amelirudia jambo hilo mara mbili wakati wa kula, kana kwamba hatukusikia.

Asante kwa siku kama hii. Hata mimi nimeshika adabu yangu, sikutaja kemia.

Jumatano, 14 Machi

Mambo yameharibika.

Leo aliambiwa amwoshe mzee aliyevunjika paja. Beseni, sabuni, kitambaa, pazia limevutwa. Kila kitu sawa. Halafu akafanya kama nilivyomfundisha tangu utoto: usimguse mtu mzima wa kwetu kabla hujamsalimu na kujua watu wake. Akamwuliza mzee ni wa ukoo gani, anatoka wapi. Mzee akafurahi, akaeleza yote. Ni Lusweti wa Kimilili. Mdogo wake baba mkwe wa Sella!

Yaani ukweni kwa dada yake. Mzee ambaye hata kupeana naye mkono haifai, sembuse kumvua shati. Mideva akaweka beseni chini, akageuza uso, akatoka kinyumenyume. Mzee naye, alipojua huyu ni mtoto wa nani, alivuta blanketi mpaka shingoni. Mgonjwa wa kitanda cha pili, Mkikuyu, akauliza wenzake kama huyo mzee anauma.

Sista Nyamai akamwambia aende nyumbani.

Mideva amelala amegeukia ukuta. Anasema hafai, si kwa cheti tu, hata kwa diploma, kwa sababu wagonjwa ni walewale. Anasema atatafuta kazi ya duka.

Nami? Njia yangu ilikuwa imeshinda bila mimi kusema neno. Nilingoja furaha ije. Haikuja. Kilichokuja ni hasira, na nalala nayo.

Alhamisi, 15 Machi

Nilikwenda Kawangware mwenyewe, na hoja tatu.

Sista Nyamai ni Mkamba mfupi, wa rika langu. Alikuwa anakunja mashuka. Hakuniambia nikae, alinipa ncha ya shuka. Kwa hiyo niligombana huku nakunja. Hoja ya kwanza: heshima ya ukweni si ujinga. Akakubali. Hoja ya pili: misheni inatengeneza manesi wa bei rahisi. Akasema yeye alianza na cheti hichohicho, akafanya kazi miaka, akarudi shule akachukua diploma, na katika miaka yote ile hakuna mgonjwa aliyemwambia amemhudumia nusu. Tukakunja shuka lingine.

Ya tatu nimeisahau. Yeye ndiye aliyeuliza.

“Mwalimu, nani alimfundisha huyu msichana kuuliza ukoo?”

“Mimi. Na sijutii.”

“Usijute. Hata sisi tunauliza. Lakini tunauliza siku ya kwenda nyumbani, mgonjwa ameshavaa suruali.”

Mimi! Nilishika ncha yangu ya shuka kama mwanafunzi. Nimewapinga wachungaji, machifu na wahariri, leo nimeangushwa na mtu ambaye hata hakuacha kazi yake ili aniangushe. Nashukuru. Kweli nashukuru, naandika ili nisije nikajidanganya baadaye.

Mzee Lusweti alioshwa na Nyamai mwenyewe. Anasema Wakamba bado hawana wakwe Kimilili. Mzee amenitumia salamu kupitia kwake: amwambie mama, binti ana adabu. Nimerudisha salamu bila kuingia wodini. Mimi naye pia hatutazamani.

Kabla sijaondoka Nyamai akasema Mideva anaweza kurudi Jumamosi. Mgonjwa mmoja, mara moja. Metroni wa chuo anangoja neno lake.

Ijumaa, 16 Machi

Mideva hakutaka. Nilimwambia maneno ya Nyamai, bila kuongeza yangu. Alinitazama kama mtu anayetafuta mahali nilipoficha hotuba.

Baadaye alimchukua Risper awe mgonjwa. Risper akalala kitandani kwetu, akawa mgonjwa mbaya sana: anadai chai, analia kwa Kijaluo, anamuita daktari aje na gari. Mideva akamwosha mikono, shingo, miguu. Akacheka kidogo. Baba Sella alisimama nje na randa yake mpaka walipomaliza.

Nilimuuliza kesho nimsindikize. Alisema ndiyo, ila nisiseme na mtu.

Jumamosi, 17 Machi

Naandika nikiwa kwenye benchi, chini ya dirisha la wodi. Liko wazi. Nimeahidi kufunga mdomo, basi wacha kalamu iseme.

Amevaa viatu vya Risper. Ameingia na beseni. Sista Nyamai amesimama mlangoni, ananiona, hanitazami.

Pazia limevutwa. Nasikia anamsalimu mgonjwa. Mgonjwa anaitika — mwanamume, mzee, na sauti hiyo ni ya Mbale yetu ya Magharibi, sauti ya kwetu kabisa! Kati ya wagonjwa wote wa Nairobi.

Nasikia kitambaa kikikamuliwa. Nasikia mzee anamshukuru, anasema maji ni ya moto vizuri.

Sasa anauliza. Nilijua atauliza. “Binti, wewe ni wa nani?”

Kitambaa kimeacha kukamuliwa.

Jibu ninalo mimi hapa, limejaa mdomoni, jina la baba yake na babu yake na kilima cha kwao. Nimeuma kidole.

Maji yanadondoka kwenye beseni. Nyamai hajasogea.

“Nitakuambia siku ya kwenda nyumbani, baba. Inua mkono.”

Mzee anafikiri. Naye alilelewa na mama kama mimi, lazima afikiri. Kitanda kimelia. Sijui kama ni yeye anavuta blanketi au —

“Mkono upi?” ameuliza mzee.