Nyasi Kavu za Ndama Wako

Magindu,
Kibaha.
11 Mei 2025.

Mpendwa mdogo wangu Laurean,

Shikamoo zako zote za kwenye simu nimezipokea, marahaba. Hujambo lakini? Kifua kinaendeleaje na hilo ghala la baridi unalofanyia kazi? Unakula vizuri? Sisi huku tunajikongoja. Mama anakunywa uji, presha imetulia, ila miguu bado haimbebi. Mvua ndiyo usiseme.

Najua utashangaa kupewa barua na Zubeir, kijana wa jirani anayerudi huko Doha, wakati simu zipo. Nimeshindwa kulisema kwenye simu. Kila ukipiga ukaniuliza habari za ndama wako nasingizia mtandao. Siyo mtandao, Laurean. Ndama wako amekufa, na aliyemuua ni mimi dada yako.

Wacha nikueleze tangu mwanzo, usiichane barua.

Unakumbuka mlivyobishana na baba wiki mbili nzima juu ya sakafu ya banda? Wewe unatuma picha za zege, yeye anasema zege ni baridi, ndama si mfuko wa saruji. Mwisho mkakubaliana nusu kwa nusu: chini zege lenye mteremko ili mkojo utoke, juu yake nyasi kavu, nene. Maranda aliyakataa, kwa sababu fundi wetu wa Mlandizi anaranda hata mbao zilizopakwa dawa, na ndama hulamba kila kitu. Pumba za mpunga nazo akasema zina vumbi, zitawaingia puani. Basi akakata nyasi mwenyewe wakati wa kiangazi, akazianika, akajaza stoo nzima kwa ajili ya masika haya. Kila asubuhi alikuwa anapiga magoti mle bandani kama yuko kanisani. Goti likilowa, nyasi zote nje, zinatandikwa nyingine. Mimi nilikuwa namcheka.

Wale ndama wawili, baba alishasema yule jike ni wako, ukirudi ukute maziwa yako. Tulipompeleka baba hospitali ya Tumbi, siku ya tatu, hakuniambia habari za shamba wala za nyumba. Alisema, "Eugenia, ndama wa Laurean asilale pabichi." Hakusema tena neno jingine mpaka anakata roho.

Waajiri wako walivyokunyima ruhusa ya kuja kuzika, sikukulaumu, wala mtu hapa hakukulaumu. Ila laiti ungekuwepo.

Ndugu zake baba wa Kurui walikuja lori zima, na mvua ikaja nao. Turubai likavuja, maji yakapita chini ya mikeka, wazee wa watu wamejikunyata. Shangazi Imakulata, ulimi wake unaujua, akasimama katikati ya uwanja. "Jamani, ndiyo mnavyomzika kaka yangu? Ndugu zake mnawalaza kwenye tope?" Nilisikia aibu mpaka masikio yakawaka. Nikaamuru stoo ifunguliwe, nyasi zitandikwe chini ya mikeka. Hazikutosha. Nikasema hata zile za bandani, toeni. Nimesema mimi, kwa mdomo wangu. Nilijiambia ni leo tu, kesho nitatafuta nyingine.

Kesho yake tukazika. Keshokutwa wageni bado wapo, napika, napokea rambirambi, naombwa maji huku, sahani kule. Ndama walipewa maziwa yao mlangoni na yeyote aliyepita, lakini hakuna aliyeangalia wanalalia nini. Mungu ananiona, sikuwakumbuka. Siku ya nne, tulipoanua matanga, ndipo nikaingia bandani. Zege tupu, limelowa, harufu ya mkojo inachoma macho. Dume akasimama. Jike wako alijaribu, miguu ikateleza, akalala tena. Alikuwa anahema kwa shida, mbavu zinapanda na kushuka, kamasi zimejaa puani.

Nilimwita Mbaraka, afisa mifugo wa kata yetu. Alimchoma sindano siku tano. Akasema ni homa ya mapafu. Ndama mchanga sehemu kubwa ya siku yuko chini amelala, na akilala kwenye ubaridi na unyevu, joto lote la mwili linaishia sakafuni. Hakunilaumu. Afadhali angenilaumu. Nilimfunika ndama kwa khanga zangu za msibani, nikamnywesha maziwa kwa chupa, akawa anayatema. Jumanne asubuhi akafa, kichwa chake mapajani kwangu. Nililia, Laurean, kilio ambacho kwa baba sikukilia, maana siku ile nilikuwa na wageni.

Dume amepona. Nimempigia kichanja cha mbao zilizoachana kidogo, mkojo upite chini, na juu nyasi nilizoomba kwa majirani, mpaka akilala miguu haionekani. Nabadilisha kila siku. Utasema sasa ndiyo najua. Ndiyo, sasa ndiyo najua.

Mama nilimdanganya wiki mbili. Kila akiamka anauliza, "Wa Laurean kaamkaje?" nami najibu kaamka salama. Jana nikashindwa. Nilikaa chini pembeni ya kitanda nikamwambia yote, hata yale maneno ya baba ya Tumbi. Nikajua leo nalaaniwa. Akaniuliza tu, "Na wale ndugu wa baba yako, walilala pakavu?"

Nikasema, walilala pakavu, mama.

"Basi hata yeye angezitoa," akasema. "Namjua. Angezitoa zote, halafu angeenda kulala na ndama."

Ndipo akaanza kulia. Tangu tumzike baba alikuwa hajatoa chozi, na mpaka naandika hapa bado namsikia chumbani.

Mama anakusalimu sana. Mwanangu Dina anakusalimu, na shangazi Imakulata pia kutoka Kurui. Yeye hajui lolote, na mama amekataza asiambiwe. Mungu akutunze huko ugenini na akurudishe kwetu ukiwa mzima. Jumapili ukipiga simu, nigombeze utakavyo, nitasikiliza. Usinyamaze tu.

Ni mimi dada yako, ninayekupenda na ninayekuomba radhi,

Eugenia