Sala Mbele ya Kompyuta

Jumatatu, 3 Machi

Somo la leo limekwisha. Senge, kama tunavyomwita shangazi kwetu, bado anakibana kipanya kama anayeua kiroboto.  

Kabla ya kuanza lazima aombe. Sala ndefu, ya kanisa la kwetu Bungoma: anaiombea mashine, walioiunda, hata watu wa stima wanaotuletea umeme. Mimi sifumbi macho. Nakisogeza kipanya polepole ili skrini isizime. Naogopa kumkatiza mtu akiongea na Mungu.

Stakabadhi za karo ameziandika kwa mkono tangu shule hii tunayofanyia kazi ifunguliwe. Ijumaa bosi mpya atampima kwa kompyuta. Akishindwa, anakwenda nyumbani.

Jumanne, 4 Machi

Bosi ameniita, akafunga mlango. Senge akianguka, meza yake ni yangu. Kazi ya kudumu, si kibarua tena. Nikasema asante. Kwa nini nilisema asante?

Nalala sebuleni kwake, hapa mtaa wa Kware. Ni dada ya baba yangu. Ndiye aliyenisomesha, ndiye aliyeniombea kazi hii. Ugali wa leo nimeuacha nusu.

Jumatano, 5 Machi

Stima ilipotea katikati ya somo. Senge akabonyeza kila kitu, akaipiga kofi skrini. Nikamkemea. Mimi, kumkemea Senge! Nikamwambia: ikiwa nyeusi usiguse chochote, ngoja stima irudi. Mashine ikiharibika nitaulizwa mimi.

"Nimesikia, Papa."

Nina jina la baba yake, ndiyo maana ananiita hivyo. Nimeona haya.

Alhamisi, 6 Machi

Ametoa stakabadhi peke yake. Jina, darasa, kiasi, chapisha. Karatasi ilipotoka akapiga kigelegele. Mlinzi akaja mbio kutoka langoni.

"Mathe, kumeumana? Kuna shida gani?"

"Kumezaliwa!" Akamwonyesha karatasi kama mtoto mchanga.

Ataweza. Nina furaha na nina hofu. Hofu ndiyo kubwa.

Ijumaa, 7 Machi



Bosi alinisimamisha mlangoni. "Usimsaidie. Neno moja tu, na wewe unaenda."

Senge akakaa, akafumba macho. Sala ya leo ilipita zote kwa urefu. Alimwombea bosi. Aliniombea mimi kwa jina. Nikaiona skrini inafifia, kisha ikawa nyeusi, na hapo ndipo nikaelewa. Hajawahi kuiona ikizima hivyo. Siku zote mkono wangu ulikuwa kwenye kipanya.

Amina. Akafumbua macho. Akaondoa mikono mezani, akaiweka mapajani.

"Stima imepotea."

Bosi akacheka. "Mama, na hiyo taa inawaka na nini? Maombi?"

Akaitazama taa. Akaitazama skrini. Hakugusa kitu. Nilimkataza mimi mwenyewe. Akageuka kunitazama, akingoja, na bosi akachukua kalamu.

 Nilitaka kukimbia. Niliwaza meza ile, nikawaza kodi, nikamwaza mama kijijini. Nikashangaa kuona miguu inatembea. Nikasukuma kipanya.

"Imelala tu, Senge. Ukiigusa inaamka."

 Senge akaandika jina, darasa, kiasi. Polepole, ulimi nje. Karatasi ikatoka. Bosi akaisoma, akarudia. Haikuwa na kosa.

Yeye aendelee, akasema. Mimi nisirudi Jumatatu. Senge akafungua mdomo kuteta. Nikamtikisia kichwa.

Jumamosi, 7

Nimekosea hata tarehe. Ni tarehe 8. Nimezunguka mtaa wa Fedha na barua zangu za kuomba kazi. Hakuna kitu. Naogopa.

Jumapili, 9 Machi

Sikwenda kanisani. Nimefua mashati ya kazi, nikayaanika. Sijui ya nini.

Senge amerudi na kuku kutoka sokoni. Hatujala kuku tangu Krismasi. Firigisi akaiweka kwenye sahani yangu. Kwetu hiyo ni ya mwenye nyumba. Nilitaka kukataa, akanitazama, nikaisogeza sahani karibu.

Akafumba macho kukiombea chakula. Mimi sikufumba.

Mkono wake wa kulia ulikuwa juu ya kitambaa cha meza. Ulizunguka polepole, polepole, kama unaosogeza kipanya, mpaka amina.