Lori Lililokohoa Likiwa na Mzigo

Mjukuu wangu Kabula,

Marahaba. Bibi yako amepona goti, ameanza tena kugombana na mbuzi.

Unauliza kwa nini gari lako linakohoa mlimani tu. Kabla ya uhuru, lori langu lilifanya hivyohivyo: tupu linakimbia, likibeba pamba kutoka Magu linaishiwa nguvu. Fundi Masanja alifungua plagi, akazikuta nyeupe kama chaki.

"Injini ina njaa ya petroli," akasema. "Mfuniko wa tanki uko wapi?"

Mfuniko ulikuwa umepotea, nami nilikuwa nimeziba tanki kwa pamba, kama madereva wengi wa huko. Nyuzi zilikuwa zimeingia kwenye bomba, petroli ikipita kidogo: ya kulitosha lori tupu, si lenye mzigo.

Mwambie fundi wako asilijaribu gari lako likiwa tupu kwenye tambarare; alipandishe mlimani. Likiwa tupu, hata langu lilikuwa zima.

Babu yako